Muda Ukiongezwa, Nani Anaulipia?

Akina mama wenzetu, tunapokutana baada ya ibada au tunaposubiri zamu kliniki, mazungumzo yetu huwa ni ya watoto, bei ya mchele na mahitaji ya skuli. Siku hizi limeongezeka jingine, nalo ni kiwanja. Nani amepata, amepata wapi, analipa kwa awamu ngapi, na atakabidhiwa lini. Hilo la mwisho, yaani lini, ndilo tunalotaka kulizungumza mwezi huu, maana ndilo linalowanyima wengi usingizi.

Mtu mwenye mradi wa nyumba akipewa ruhusa ya kulikata shamba kuwa viwanja, ruhusa hiyo huja na masharti na muda wake. Barabara ipite hapa, maji yafike pale, na kazi iwe imekamilika kabla ya tarehe fulani. Tarehe ikifika na kazi haijakwisha, mwenye mradi huandika barua kuomba aongezewe muda. Ofisini barua hiyo ni karatasi moja tu. Lakini kwa mama aliyekwishalipa nusu ya fedha na bado anakaa chumba cha kupanga, karatasi hiyo ni mwaka mwingine wa kodi. Ndiyo maana tunasema: muda unaoongezwa si wa bure. Yuko anayeulipia, na aghalabu si yule aliyeuomba.

SHAMBA LINAVYOGEUKA MTAA

Hapa kwetu Unguja kugeuza shamba kuwa makazi si jambo geni. Mbweni, kusini ya mji, wamishionari wa Kianglikana walinunua shamba mwaka 1871, na watu waliokombolewa utumwani wakapata mahali pa kuishi na kulima. Baadaye mji wenyewe ulipangwa na kupangwa tena: kuna mpango wa mwaka 1923, wa 1958, wa 1968 uliochorwa na Wajerumani ya Mashariki, na wa 1982 uliochorwa na Wachina. Yale maghorofa marefu ya Michenzani tunayoyaona tukitoka Darajani yametokana na fikra za wakati wa mpango wa 1968. Michoro ilikuwa na majengo mengi kuliko yaliyosimama. Kumbe hata Serikali yenyewe imewahi kuchora mengi ikajenga machache.

Ardhi ya Zanzibar ina habari yake ya pekee, na yafaa kila mama aijue. Sheria ya umiliki wa ardhi ya mwaka 1992 inasema kwamba ardhi yote ya visiwa hivi ni mali ya umma, na kwamba imekuwa hivyo tangu tarehe 8 Machi 1964. Baada ya Mapinduzi, familia zaidi ya 20,000 zilipewa eka tatu tatu ili zilime. Hazikutolewa ziuzwe, wala hazikutolewa zikatwe viwanja. Lakini mji umetanuka, watoto wameoa, wajukuu wamezaliwa, na eka nyingi zilizo karibu na mji zimeshakuwa mitaa. Mihogo imeng'olewa, miembe imekatwa, na mawe ya mipaka yamepandwa mahali pake.

Kwa hiyo mtu anapokuuzia "kiwanja", kwa hakika anakuuzia haki ya kuitumia ardhi, na haki hiyo inapita katika mikono mingi: ya sheha, ya wapima ardhi, ya Kamisheni ya Ardhi, na ya Bodi ya Uhaulishaji iliyowekwa na sheria ya mwaka 1994. Mkono mmoja ukikosekana, fedha zako zimekwenda lakini kiwanja hakijaja.

KWA NINI RUHUSA IWE NA MWISHO?

Wengine huuliza: ikiwa mtu amekwisha kuruhusiwa, kwa nini apewe tarehe? Jibu ni kwamba mahali hapabaki kama palivyokuwa siku ya kuruhusiwa. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu 893,169. Ni karibu watu laki tatu walioongezeka kwa miaka kumi. Kisima kilichotosha siku ile ya ruhusa huenda leo hakitoshi. Bonde lililokuwa tupu, ambamo maji ya mvua yalipita, huenda leo limejengwa, na maji yanatafuta njia nyingine, na njia hiyo ni sebule ya mtu.

Kwa kazi yetu ya uuguzi tumeingia nyumba nyingi za pembezoni mwa mji, na tumeona gharama ya mitaa iliyoota bila kumaliziwa. Tumembeba mama mwenye uchungu wa kuzaa juu ya kitanda cha kamba kwa sababu gari halikuweza kupita kati ya nyumba na nyumba. Tumekuta karo la choo hatua chache kutoka kisima, na Unguja yetu sehemu kubwa ni mawe ya matumbawe, yenye vijitundu vinavyopitisha maji machafu upesi. Mwaka 2009, chanjo ya kunywa ya kuzuia kipindupindu ilipotolewa hapa Unguja, shehia zilizochaguliwa zilikuwa Chumbuni na Mtopepo, zote za pembezoni mwa mji. Maradhi yale hayaulizi nani alichelewa kuleta bomba. Humkuta mtoto pale pale anapochota maji.

Hata nchi nyingine zimeona haja ya kuweka mwisho. Kule England ruhusa ya kujenga kwa kawaida hudumu miaka 3, na asiyeanza kazi ndani ya muda huo huipoteza. Tanzania Bara hati nyingi za viwanja vya mjini zina sharti la kujenga ndani ya miezi 36. Lengo ni kwamba ardhi isikamatwe na mtu asiyeifanyia kazi huku wengine wakiisubiri.

Hata hivyo, kuongeza muda si dhambi. Ulipoingia ugonjwa wa UVIKO-19, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 2020 iliyorefusha ruhusa nyingi za ujenzi za England, zilizokuwa zimalizike kati ya mwezi Machi na Desemba mwaka huo, mpaka tarehe 1 Mei 2021. Sababu ilikuwa wazi, na tarehe mpya iliandikwa wazi. Hicho ndicho kipimo chetu: sababu ijulikane, na tarehe ijulikane.

YALIYOTUFIKA SISI

Mwaka 2019 wanawake 12 wa kikundi chetu cha akiba tuliamua kununua viwanja pamoja katika shehia moja ya Wilaya ya Magharibi B. Shamba lilikuwa la eka tatu, na mwenye mradi alikuwa na barua ya ruhusa. Tuliomba tuione, tukaisoma, tukabaki na nakala. Barua ilitaja barabara ya magari mawili kupishana, bomba la maji, na sehemu ya wazi ya watoto kuchezea. Muda ulikuwa miaka 3. Tukaanza kulipa mwezi kwa mwezi, wengine kwa mshahara, wengine kwa kuuza maandazi na kushona vitambaa, na kila risiti tukaitia kwenye daftari la kikundi.

Mwaka 2022 miaka mitatu ikatimia. Shambani palikuwa na mawe ya mipaka na bango lenye picha ya nyumba nzuri. Barabara haikuwapo, wala bomba. Mwenye mradi akaomba aongezewe miaka 3 mingine. Sheha akaita mkutano chini ya mwembe uliosalia, akaja na afisa wa ardhi, wakaja majirani, na ikaja familia iliyokuwa na shamba lile tangu wakati wa kugawiwa eka.

Tuseme kweli, sababu alizozitoa mwenye mradi hazikuwa za uongo zote. Maradhi yalisimamisha watalii, na biashara nyingi za mji zilisimama nao. Saruji ilipanda bei. Mkandarasi wake alimkimbia. Alizungumza kwa adabu, na wengi walimwonea huruma.

Ndipo bibi mmoja wa ile familia akaomba kusema. Alisimama kwa taabu akashika fimbo yake. "Mimi sina ugomvi na mtu, wanangu," alisema. "Niliambiwa miembe yangu ikatwe ipite barabara. Miembe imekatwa. Sasa naomba nioneshwe barabara."

Watu wakanyamaza. Baada yake akasimama mwenzetu mmoja, mjane mwenye watoto wanne, anayeishi chumba cha kupanga. Yeye hakulaumu mtu. Alisema tu hesabu yake. Kodi yake ni shilingi 80,000 kwa mwezi. Miezi 36 aliyoombwa kusubiri ni shilingi 2,880,000. "Bwana mkubwa," alimwambia mwenye mradi, "katika barua yako umeandika gharama ya saruji na gharama ya mafuta. Hii yangu umeiandika wapi?"

Hapo ndipo sisi wenyewe tulipogawanyika, na tunalieleza hili ili mjue kwamba mambo haya si mepesi. Wengine walitaka muda usiongezwe kabisa, mradi uvunjwe, kila mtu arudishiwe chake. Wengine waliogopa. Dada mmoja alituuliza kwa sauti ya chini, "Ruhusa ikifutwa leo, fedha zangu nitamdai nani? Shamba litarudi kuwa shamba, na mimi nitarudi nyumbani na risiti." Alikuwa na haki. Kukataa nako kuna anayekulipia. Tulikaa kando karibu saa nzima, tukabishana, hata machozi yakawatoka wawili wetu.

Mwishowe hatukumwomba afisa akubali wala akatae. Tuliomba masharti. Muda usiwe miaka 3, uwe miezi 12 kwanza. Barabara na maji vitangulie kabla ya kitu kingine chochote. Asiuze kiwanja kipya hata kimoja mpaka hivyo viwili vikamilike. Kila miezi mitatu atoe taarifa kwa sheha, na taarifa isomwe mbele ya watu. Na anayetaka kutoka, arudishiwe fedha zake kwa tarehe zilizoandikwa. Yaliandikwa, yakatiwa saini, na muda ukaongezwa kwa masharti hayo.

Je, yalitimia? Barabara ilifunguliwa na kumwagwa kifusi kabla ya mwaka kwisha. Maji yalichelewa miezi saba zaidi. Leo wenzetu watano wamehamia, na jioni watoto wao wanacheza mpira katika ile sehemu ya wazi. Wanne waliamua kutoka, na mwenzetu mjane ni mmoja wao. Fedha zake zilirudi kwa vipande vitatu, na kilipokuja kipande cha mwisho, jumla yake haikutosha tena kununua kiwanja cha ukubwa ule mahali pengine. Bado anapanga. Hatuwezi kusema kwamba kila mtu alipona. Tunasema tu kwamba bila ya masharti yale tungesubiri sote kumi na wawili, na huenda tungekuwa tunasubiri hata sasa.

MASWALI YA KUULIZA

Kutokana na hayo, na kutokana na ndugu wengi waliotuletea habari kama hizo, tunashauri kwamba muda unapoombwa kuongezwa, akina mama mwende kwenye mkutano na maswali haya.

La kwanza: ni nini hasa kilichokwisha kufanyika? Si kilichopangwa, bali kilichopo. Nendeni mkaone kwa macho, siku ya mvua ikiwezekana, maana siku ya jua kila kiwanja ni kikavu.

La pili: kilichokwamisha kilikuwa nini, na je, kimeondoka? Kama kilichokwamisha bado kipo, muda mpya utakwama pale pale.

La tatu: masharti ya zamani yanabaki? Mara nyingine barua ya kuongeza muda huwa na badiliko lililojificha: barabara imepunguzwa upana, uwanja wa watoto umekatwa viwanja viwili. Wekeni mchoro wa zamani na mpya pamoja, mlinganishe mstari kwa mstari.

La nne: katika muda huo ulioongezwa, fedha zetu zitakaa wapi? Je, tutaendelea kulipa, au malipo yatasimama mpaka kazi ionekane? Mwenye mradi aliyechelewa hana haki ya kumfukuza mnunuzi aliyechelewa mwezi mmoja.

La tano: tarehe hii mpya isipotimia, itakuwaje? Kama jibu ni "tutaomba tena", basi hakuna tarehe.

Maswali haya hayamtukani mtu. Mwenye mradi mwaminifu atayajibu, na hata atafurahi, kwa kuwa watu wanaojua kinachoendelea hawaeneza uvumi. Bwana wetu mwenyewe, katika Injili ya Luka sura ya 14, alimtaja mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba yampasa aketi kwanza ahesabu gharama. Anayeomba muda naye aketi, ahesabu pia gharama za wale watakaomngojea.

JINA LAKO LIKO WAPI?

Kuna jambo jingine, na hili ni la ndani ya nyumba. Katika mkutano ule tuliona wake waliolipa pamoja na waume zao kwa miaka mitatu, lakini orodha iliposomwa majina yao hayakuwamo. Mume alikuwa safarini, na mke hakuruhusiwa kusema neno, kwa kuwa kwenye karatasi si mnunuzi. Alikaa nyuma akisikiliza wengine wakiamua juu ya jasho lake.

Hatusemi haya ili kuleta ugomvi kati ya mke na mume. Nyumba yenye amani ni bora kuliko kiwanja. Lakini zungumza na mwenzio wakati mambo ni mazuri, wakati wa chakula cha jioni, kwa upole: "Baba fulani, tukiandikwa sote wawili, mmoja akiumwa au akisafiri, mwingine atasimama." Mume mwenye busara ataona kwamba hiyo ni kinga ya watoto wake. Kwa wasomaji wetu wa Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ya ridhaa ya mwenzake. Kinga hiyo ni njema, lakini huja baadaye, nyumba ikishakuwapo. Wakati wa kiwanja na risiti, kinga yako ya kwanza ni jina lako.

Na kudai ardhi si utovu wa adabu kwa mwanamke. Katika Kitabu cha Hesabu sura ya 27, mabinti watano wa Selofehadi, yaani Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza, walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, mbele ya kuhani Eleazari, mbele ya wakuu na mkutano wote, wakadai urithi wa baba yao. Hawakunong'ona jikoni, wala hawakupiga kelele. Walisema hoja yao mbele ya watu, na Mungu akasema kwamba wamenena haki.

SUBIRA NA NGOJA NGOJA

Wazee wetu walituachia methali mbili. Moja inasema subira yavuta heri. Nyingine inasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Zote ni za kweli, na mama mwenye hekima hujua ni wakati gani anaishi ipi. Subira ina tarehe, ina sababu, na ina kitu kinachoonekana kikisogea mbele. Ngoja ngoja haina kimoja kati ya hivyo. Ina barua tu, na baada ya barua, barua nyingine.

Basi ukisikia tangazo la mkutano katika shehia yako, usimwachie jirani. Mfunge mtoto mgongoni, chukua daftari la risiti, uende. Kaa mbele. Na kama wewe huna kiwanja unachodai, nenda hata hivyo, ukae karibu na yule mwenye kodi ya kulipa na watoto wa kulea, ili atakaposimama kusema hesabu yake asiwe peke yake.